Bodi Ilisingiziwa: Kisa cha Mashine ya Kuoshea Vyombo Iliyokataa Kunyamaza

Mashine yenyewe ni ya mtumba, ya upana wa sentimita 60. Ilikuja kwenye kontena kutoka Uingereza pamoja na makochi na friji, ikafungwa jikoni kwa shemeji yangu kule Tegeta, Dar es Salaam. Plagi yake ya pini tatu bapa iliingia kwenye soketi bila adapta, maana umeme wa huku na wa kule unalingana: volti 230, hezi 50. Ikaosha vyombo miezi kadhaa bila maneno. Halafu ikaanza vituko. Ukiwasha tu, kabla hujachagua programu yoyote, pampu inanguruma chini na hainyamazi. Maji hayaingii. Taa moja inapepesa, vitufe vingine havisikii. Chomoa plagi, subiri, rudisha: mngurumo uleule.

Fundi aliyeitwa alitoa kava la ndani la mlango, akaikagua bodi, yaani ile sahani ya saketi inayoendesha mashine, akasema imekufa. Bodi nyingine ingeagizwa Dubai kwa pesa iliyozidi nusu ya bei ya mashine. Shemeji akanipigia simu. "Shem, si bora niwape watu wa vyuma chakavu tu?"

Nikamwambia asiuze kwanza. Si kwamba fundi alikuwa mbabaishaji. Kwenye bodi kuna rilei, yaani swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme, na rilei ya pampu ya kutolea maji ikigandia upande wa kuwasha, pampu itanguruma mfululizo vilevile. Dhana yake ilikuwa na mantiki. Shida ni kwamba alikwenda moja kwa moja kwenye dhana ya gharama kubwa kuliko zote, na hakuipima. Bodi haihukumiwi kwa macho isipokuwa imeacha alama: doa jeusi la kuungua, kapasita (kikopo kidogo cha kutunzia umeme) iliyovimba, risasi ya kuchomelea iliyopasuka kuzunguka mguu wa rilei. Hii haikuwa na hata kimoja.

Dhana yenye uwezekano mkubwa zaidi iko chini kabisa ya mashine, mahali ambapo watu wengi hawajui kama kuna kitu. Mashine nyingi za aina hii zinazotengenezwa kwa soko la Ulaya hukalia trei. Ndani ya trei kuna boya jepesi la povu gumu, na juu yake swichi ndogo. Maji yakivuja popote ndani ya mashine yanateremka kwenye trei. Yakipanda kiasi, boya nalo linapanda na kubonyeza swichi. Hapo mambo mawili hutokea kwa mkupuo: valvu ya kuingizia maji inakatiwa umeme, na pampu ya kutolea maji inawashwa ili jikoni pasifurike. Pampu hiyo haizimi mpaka boya lishuke. Na boya halishuki, kwa sababu pampu inanyonya maji yaliyo ndani ya pipa la kuoshea, haifiki kwenye trei. Maji ya trei hayana njia ya kutoka ila yakauke yenyewe au mtu ayamwage.

Katika mashine nyingi za miaka ya nyuma swichi ya boya imeungwa na pampu moja kwa moja, bila kuuliza bodi. Maana yake shemeji angeweza kulipa, kusubiri mzigo wa Dubai, kufunga bodi mpya kabisa, kisha kuwasha na kusikia mngurumo uleule.

Nilipofika sikufungua kitu. Nilisikiliza. Mashine hizi zina pampu mbili na sauti zao hazifanani. Ya kutolea maji ni ndogo, wati 30 hivi, sauti yake nyembamba na kavu, na ikikosa maji inatoa mlio wa kukwaruza. Ya kuzungusha maji ni kubwa, sauti yake nzito, na ukiiwasha unasikia maji yakipiga kuta za ndani. Iliyokuwa inanguruma ni ile ndogo. Nikachomoa mwisho wa mpira wa maji machafu kutoka kwenye bomba la sinki nikauweka kwenye ndoo: yakatoka maji kidogo, kisha hewa. Pampu nzima, mpira haujaziba, pipa ni tupu. Mashine ilikuwa inafukuza maji ambayo yenyewe haioni yalipo.

Kipimo kilichofuata hakihitaji bisibisi. Plagi ichomolewe ukutani, si kuzimwa tu kwa kitufe. Bomba la maji lifungwe. Ndoo tambarare au beseni liwekwe mbele, matambara kando, watu wawili waivute mashine kutoka kwenye kabati na kuilaza kidogo kwa mbele, nyuzi kama 30 hivi, huku mlango umefungwa. Kingo za bati chini ya mashine hukata kama huna glovu, na mashine tupu ina kilo 40 au zaidi, kwa hiyo hii si kazi ya mtu mmoja mwenye haraka. Tulipoilaza, ukingo wa trei ulitapika maji karibu lita moja na nusu. Tukaisimamisha, tukarudisha plagi. Kimya. Nikachagua programu fupi, valvu ikafunguka, maji yakaingia. Bodi iliyokufa ikaendesha programu mpaka mwisho bila kukosea hatua.

Wengi wangeishia hapo, wakasukuma mashine mahali pake na kutangaza ushindi. Lakini boya halipandi bila sababu, na mashine haikutengenezwa ili imwagwe kila baada ya wiki mbili. Swali lililobaki ni maji yale yalitoka wapi.

Jibu la kwanza lilikuwa mkononi mwangu. Maji ya kwenye beseni yalikuwa yanateleza ukiyasugua kwa vidole, yana mapovu madogo juu, na yananukia limau. Sabuni ya mashine za kuoshea vyombo haitoi povu namna hiyo. Imetengenezwa makusudi isifanye povu: ni ya kialkali, ina vimeng'enya vya kula wanga na protini, na kazi ya kusugua imeachiwa maji ya moto yanayorushwa kwa nguvu. Kilichokuwa kwenye beseni ni sabuni ya maji ya kawaida, ile ya chupa inayowekwa pembeni ya sinki.

Nikamuuliza dada wa kazi. Nasema wazi kwamba hapa ndipo kisa kilipofumbuka, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla. Fundi alizungumza na mwenye nyumba, mwenye nyumba hajawahi kupakia mashine ile hata siku moja. Dada alieleza bila kuzunguka: "Glasi zilikuwa zinatoka nyeupe, kaka, kama zimepakwa unga. Mama akasema niongeze sabuni." Vile vidonge vya mashine ni ghali na havipatikani kila duka, basi akawa anaongeza kijiko cha sabuni ya chupa. Weupe haukuisha, kijiko kikawa viwili.

Povu ndani ya mashine hizi lina madhara mawili. Kwanza, pampu ya kuzungusha inameza hewa badala ya maji, mikono ya kurushia inazunguka kivivu, na vyombo vinatoka vichafu zaidi, jambo linalomfanya mtu aongeze sabuni tena. Pili, povu linapanda. Maji yenyewe hukaa chini kabisa ya pipa, lita tatu au nne tu kwa wakati mmoja, na mpira wa chini ya mlango umewekwa kuzuia matone yanayorushwa, si kuhimili povu lililojaa hadi nusu ya mlango. Likifika pale linapenya pembeni, linateremka ndani ya kava, linageuka maji kwenye trei. Boya linapanda. Pampu inanguruma. Fundi anasema bodi.

Sasa tuuchukue ule weupe wa glasi, maana ndio mzizi. Nyumba ile inatumia kisima kilichochimbwa uani. Maji ya Mto Ruvu yanayosambazwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, hufika kwa zamu, na yakikosekana bomba zote hupata maji ya kisima kupitia tangi la juu. Visima vingi vya ukanda ule wa pwani vina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna uchumvi, ambao unauonja kwa ulimi. Na kuna ugumu, ambao si rahisi kuuonja: ni madini ya kalisi na magnesi yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya matumbawe na chokaa. Maji yakipashwa moto, kalisi inajitenga na kuganda kama chokaa kwenye kila kitu, kuanzia birika hadi koili ya kuchemshia. Glasi iliyooshwa kwa maji hayo na kukaushwa kwa joto inabaki na utando mweupe. Ukitaka kujua kama ni chokaa au ni sabuni isiyosuuzwa, tia tone la siki au limau: chokaa inatoka, na glasi inang'aa pale ulipogusa. Kama utando unabaki baada ya siki na glasi inaonekana kama imekwaruzwa, basi kioo chenyewe kimeshalika, na hakuna dawa.

Tulitia limau. Glasi ikang'aa.

Watengenezaji wanajua habari ya maji magumu, ndiyo maana mashine hizi nyingi zina kifaa cha kulainisha maji kilichojengwa ndani. Ni chumba chenye chembechembe za rezini zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, rezini inashika kalisi na magnesi na kuachia sodiamu. Ikishiba, inahitaji kuoshwa kwa maji ya chumvi nyingi ili irudi kazini, na chumvi hiyo inatoka kwenye tangi dogo lenye kifuniko cha kuzungusha, sakafuni mwa pipa, chini ya rafu ya chini. Nilitoa rafu, nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na maji matupu. Toka kontena lishushwe hakuna aliyekifungua. Ile taa yenye alama ya mishale miwili iliyojipinda, ambayo ilikuwa imewaka miezi yote hiyo na kila mtu akaizoea, ilikuwa inaomba chumvi.

Kwa hiyo mnyororo mzima ulisimama hivi: kisima kigumu, tangi la chumvi tupu, glasi nyeupe, sabuni ya chupa, povu, trei, boya, pampu. Hakuna kilichoharibika kati ya hivyo. Kila kifaa kilifanya kazi yake.

Kusafisha kulichukua muda zaidi ya kugundua. Povu haliishi kwa kuendesha programu moja; sabuni ya chupa inajificha kwenye mipira na kwenye kichujio. Kijiko cha mafuta ya kula kikimwagwa kwenye pipa huua povu haraka, kisha programu ya kusuuza tupu irudiwe mpaka maji yanayotoka kwenye mpira hayatelezi. Kichujio kilitolewa na kupigwa mswaki. Mikono ya kurushia maji ikachomolewa. Vitundu vyake vilikuwa vimepungua kwa chokaa na viwili vimezibwa na mbegu za ndimu na kipande cha kijiti cha meno. Waya mwembamba wa shaba unafaa zaidi ya sindano, haupanui tundu.

Kwa chokaa ya ndani nilitumia asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwa watengeneza juisi na jemu, gramu 100 kwenye mashine tupu, programu ya moto. Siki inafanya kazi pia lakini unahitaji nyingi, na ikizoeleka hailei mipira vizuri. La muhimu kuliko yote: hiyo asidi isikutane na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Pamoja hutoa gesi ya klorini, na jikoni lenye dirisha dogo si mahali pa kujifunza hilo. Klorini peke yake nayo si rafiki wa pipa la chuma kisichoshika kutu.

Boya nililisafisha kwa kulifikia kutoka chini, baada ya kutoa bati la mbele la miguuni, skrubu mbili. Lilikuwa limepakwa utelezi wa sabuni na vumbi, likipanda halitaki kushuka. Nikapima swichi yake kwa mita ya kupimia umeme, plagi ikiwa nje: boya chini, njia moja imeungana, boya juu kwa kidole, inabadilika na kutoa mlio wa *tik*. Nzima.

Tukaweka sabuni sahihi, tukaacha ya chupa, mashine ikafanya kazi. Halafu mngurumo ukarudi.

Shemeji alipiga simu kwa sauti ya mtu aliyeanza kumkumbuka fundi wa bodi. Nilimwomba kitu kimoja kabla sijaja: amwage trei, achovye vidole kwenye maji, aniambie kama yanateleza. "Hayatelezi, shem. Maji ya kawaida tu, masafi." Habari njema, ingawa haikusikika hivyo. Maana yake povu limekwisha kweli, na sasa kuna mvujo wa pili, mdogo, ambao mwanzoni ulifunikwa na ule mkubwa. Mashine ikiwa na matatizo mawili yenye dalili moja, ukitibu la kwanza utaonekana umeshindwa.

Hapa ndipo inafaa kujua mvujo unatokea saa ngapi kabla ya kutafuta unatokea wapi. Kama maji yanadondoka wakati mashine inajaza tu, tazama valvu, mpira wa kuingizia na lile box la plastiki ubavuni linalopitisha maji na kuruhusu hewa. Kama yanadondoka hata ikiwa imetulia na maji yamo ndani, shaka iko kwenye kikombe cha chini ya pipa na gasketi yake. Yakidondoka wakati wa kutoa maji, ni pampu ndogo au mpira wake. Na yakidondoka wakati wa kurusha maji peke yake, basi ni upande wenye msukumo: pampu kubwa, mipira inayotoka kwake, maungio ya mikono. Au mlango.

Tulitoa mabati ya ubavuni, tukapangusa trei ikakauka, tukatandaza karatasi za chooni ndani yake. Karatasi kavu inaonyesha tone dogo mara moja, na inaonyesha lilipoangukia. Kisha programu. Mashine ikiwa wazi namna hii ina umeme wa volti 230 mahali ambapo mkono unafika, na maji yako palepale. Nilikaa mbali kwa hatua mbili na tochi, hakuna aliyeingiza kidole, na plagi ilikuwa kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme unapovuja kwenda ardhini. Nyumba nyingi hazina kinga hiyo, na nyingine zina waya wa ardhi uliofungwa hewani. Kama huna hakika na nyumba yako, jaza maji na endesha, kisha chomoa plagi ndipo ufungue na kutazama. Inachukua muda mrefu zaidi na inatosha.

Wakati wa kujaza, karatasi kavu. Imetulia, kavu. Pampu kubwa ilipoanza, dakika chache baadaye, doa likatokea upande wa kushoto nyuma. Plagi nje. Nikamulika juu ya doa lile, na hapo maji magumu yakatusaidia kwa mara ya kwanza: kwenye plastiki nyeusi ya pampu kulikuwa na mstari mweupe wa chokaa, mwembamba, unaoanzia kwenye ungio la mdomo wa pampu na kushuka mpaka ukingo wa chini. Tone likitoka na kukauka, likitoka na kukauka, linaacha njia yake. Huhitaji kukisia.

Ungio lenyewe lina oringi, pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji. Niliichomoa kwa kijiti cha mbao, si bisibisi, maana mkwaruzo kwenye mfereji ni mvujo mwingine. Ilikuwa imekuwa bapa na ngumu, upande mmoja una ukoko wa chokaa. Nadhani safari ya kontena ilichangia; alama za kukwaruzwa ubavuni zinaonyesha mashine ilisafirishwa ikiwa imelazwa, na pampu inayoning'inia kwenye vishikio vya mpira haipendi kulazwa.

Oringi zinapatikana Kariakoo, kwenye maduka ya spea za magari na ya mabomba, kwa bei ya soda. Ila usichukue yoyote inayolingana ukubwa. Nyingi za magari ni za mpira wa nitraili, ambao unastahimili mafuta lakini maji ya moto yenye alkali yanauchosha. Kwa mashine ya vyombo omba ya mpira wa EPDM, ile inayotumika kwenye mabomba ya maji ya moto. EPDM nayo ina adui wake: mafuta ya madini. Ukiipaka grisi ya gari ili iingie kirahisi inavimba, na baada ya muda unarudi ulikoanzia. Grisi ya silikoni, au maji yenye tone la sabuni, basi. Nenda na pete ya zamani mkononi, lakini usimwache muuzaji alinganishe kipenyo cha nje peke yake. Pete iliyochoka imepungua unene, kwa hiyo pima mfereji.

Nikiwa nimeshafungua nilipima na vitu vingine, kwa sababu kufungua mara ya pili ni uvivu unaojiletea. Ukinzani wa koili ya kuchemshia ulisoma omu 29 na kidogo. Ya wati 1,800 kwa volti 230 inatakiwa iwe hapohapo: 230 mara 230, gawa kwa 1,800. Kutoka kwenye koili kwenda kwenye bati la mashine, mita ya mkononi haikusoma chochote, na ndicho nilichotaka: hakuna muungano kati yao. Pampu ndogo ilikuwa karibu omu 160. Presha ya maji niliangalia kwa ndoo tu: nyumba ina pampu ndogo ya kuongeza nguvu, bomba lilijaza lita moja kwa sekunde chache, nikaendelea. Mwenye kutegemea tangi la juu pekee alitazame hili kwa makini zaidi, kwani kila mita moja ya kimo inatoa takriban 0.1 ya baa (kipimo cha presha), na mashine nyingi zinataka angalau 0.5. Tangi lililo mita tatu juu ya bomba halifiki.

Karatasi ziliwekwa tena, programu ya moto ikaendeshwa mwanzo hadi mwisho. Kavu.

Ikabaki chumvi. Chumvi ya mezani haifai: imetiwa madini joto na dawa ya kuzuia isigande, na unga wake laini unaziba. Chumvi ya mawe ya pwani, ambayo shemeji aliileta kwa furaha gunia zima, haifai zaidi, kwa kuwa chumvi ya bahari inayokaushwa juani ina magnesi, yaani unalisha rezini kitu kilekile unachotaka itoe. Inayotakiwa ni chumvi safi ya chembe kubwa isiyo na nyongeza. Supamaketi kubwa zinauza ya mashine hizi kwenye boksi. Mara ya kwanza unajaza tangi dogo kwa maji, kisha chumvi karibu kilo moja mpaka moja na nusu. Maji yanafurika, ni sawa. Programu iendeshwe papo hapo, maana maji ya chumvi yaliyomwagika yakilala kwenye chuma yanakitoboa.

Halafu mashine iambiwe ugumu wa maji, jambo ambalo karibu kila mtu analiruka. Vijikaratasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea vina mraba wa ugumu. Kisima kilisoma kati ya miligramu 300 na 400 kwa lita. Vitabu vingi vya mashine hutumia digrii za Kijerumani, kila moja ikiwa miligramu 17.8, kwa hiyo tulikuwa kwenye digrii 20 hivi. Mashine ilikuwa bado iko kwenye kiwango cha mwenye mashine wa kwanza, ambaye bila shaka aliishi kwenye maji laini. Tukapandisha. Glasi zikatoka safi, na dada akaiweka chupa ya sabuni upande wa pili wa jikoni kwa hiari yake.

Mpira wa mlango umeanza kukauka pembeni, haujavuja, nimeuacha. Kinachonipa wasiwasi ni ule uchumvi wa kisima, kwa sababu rezini haiugusi. Inabadilisha kalisi kwa sodiamu, kloridi ya ile chumvi inapita kama ilivyo, na kloridi ikikaa kwenye chuma cha moto kinachoitwa hakishiki kutu, inakichimba vishimo. Siku maji ya Ruvu yanapotoka, dada anageuza valvu na kuwasha mashine kwa hayo. Siku nyingine inaosha kwa maji ya kisima, mlango unaachwa wazi kidogo baada ya programu ili pipa likauke. Ikitoboka, itaanzia chini ya kichujio ambako maji hayakauki kabisa, na ndipo ninapomulika tochi kila nikipita Tegeta.